Bunduki ya Maji Yote

Mlio ulikuja kwanza. Ulikuwa mkavu na mfupi, kama ubao uliovunjwa kwa goti, na baada yake kimya, kisha mbwa wa mtaa wetu wa Kyebando wakaanza kubweka nyumba baada ya nyumba hadi sauti zao zikaishia bondeni. Nilikuwa bado kitandani. Umeme ulikuwa umekatika tangu jioni, pazia lilikuwa zito, na sikuweza kuuona hata mkono wangu mwenyewe. Ng'ambo ya ukuta baba alikatisha uradi wake wa baada ya alfajiri. Hakuuliza kitu. Alingoja kidogo, kama anayesubiri kuambiwa, kisha akaendelea pale alipoachia.

Nilipotoka uani palikuwa panaanza kupambazuka. Kaka yangu alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, bunduki yake ya samaki mapajani, ikiwa vipande viwili. Alikuwa ameibana kifuani na kuvuta mipira mipya aliyoikata kutoka tyubu ya gurudumu, na kichwa cha mbele, pale mipira inapopita, kikashindwa. Ubao ulikuwa umechanika kwa urefu wake. Kidole kilikuwa kinamtoka damu. Alikinyonya bila kukitazama.

Juu ya uzio kikatokea kichwa cha jirani yetu, mswaki mdomoni. Alikuwa mwanajeshi mstaafu, mtu wa kaskazini, na amekuwa jirani yetu tangu nikiwa mtoto. Sote tulimwita Afande. Hata mkewe alimwita Afande.

"Nani amepiga?" aliuliza.

"Hakuna aliyepiga, Afande. Imevunjika tu."

"Nini imevunjika?"

Kaka akainua kipande chenye kishikio.

"Hiyo ndiyo inalia namna hiyo?" Akatema povu pembeni. "Mimi nimelala chini kwa tumbo. Na uzee hii. Mama anacheka mimi mpaka sasa."

Kweli, tulimsikia mkewe akicheka ndani ya nyumba yao, kicheko cha mtu aliyeshika ukuta.

"Pole sana, Afande."

"Pole ya nini. Leta nyingine. Lakini usipitishe yeye mchana kweupe, watu ya hapa wanaona mti tu wanasema bunduki."

"Ni ya samaki, Afande."

"Kwani mimi nimesema ni ya watu?"

Kaka alicheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka kwa muda mrefu, na kicheko chenyewe hakikukaa. Afande alipoondoka aliviweka vile vipande chini, kimoja kando ya kingine, akavisogeza vikutane tena kama vilivyokuwa. Vilikutana vizuri. Hata ufa haukuonekana. Alipoondoa mkono vikaachana.

Bunduki hiyo alipewa na mjomba wetu wa pwani, ndugu ya marehemu mama, mwaka ule kaka alipojifunza kuzamia. Haikuwa ndefu wala fupi. Mjomba aliichagua hivyo kwa makusudi, kwa sababu kaka alikuwa mtu wa maji mawili: miezi kadhaa alikuwa huko baharini, akizamia na mjomba kwenye miamba na kwenye kina, na miezi iliyobaki alikuwa hapa, kwenye ziwa letu, akifanya kazi kwa mtu mmoja aliyekuwa akifuga sato ndani ya vizimba vya nyavu. Kazi yake ilikuwa kuzishona nyavu chini ya maji, na kuwapiga sangara wakubwa waliokuwa wakizizengea na kuzichana. Bunduki ile ilikwenda naye huku na huku. Ziwani alilalamika kwamba ni ndefu. Baharini alilalamika kwamba ni fupi. Lakini alilalamika kama watu wanavyomlalamikia mtu wa nyumbani, huku akiipaka mafuta.

Sasa mambo yalikuwa yamebanana. Sato wa yule bwana walikuwa wamekufa karibu wote kwa wakati mmoja, wakaelea matumbo juu, na yeye akauza mabomba na maboya na kwenda zake. Na mjomba alikuwa amepiga simu. Boti yake ya kuwapeleka wageni kwenye kina ilihitaji mzamiaji, lakini mzamiaji wa kukaa. Mpita njia hakumtaka tena. Alisema hivyo kwa upole, nami nilimsikia kwa sababu simu ilikuwa kwenye spika: "Ukija safari hii, mwanangu, njoo na roho yako yote. Au basi, nitafute mwingine."

Na hapa palikuwa na baba. Baba alikuwa na presha ya macho. Ilianza pembeni, akawa anagonga mabega kwenye mihimili ya milango, kisha ikasogea katikati. Wakati huo alikuwa anauona mwanga na kivuli cha mtu, basi. Bado alifundisha watoto Kurani barazani kwetu, kwa masikio, na hakuna mtoto aliyeweza kumdanganya kwa herufi. Lakini kwenda msikitini kulikuwa na mtaro ulio wazi na bodaboda zinazokata kona bila honi, na aliyekuwa akimshika mkono ni kaka.

Kwa hiyo bunduki mpya haikuwa jambo dogo kwetu. Ikiwa fupi, kaka anabaki. Ikiwa ndefu, anakwenda, na harudi ila kwa msiba au kwa arusi. Hakuna aliyelisema hilo. Tulisema tu kwamba kaka anatafuta bunduki.

Alitaka kwanza kuyapima maji. Nadhani alitaka ziwa limpe sababu. Tulishuka Gaba, tukaazima mtumbwi kwa mtu aliyefahamiana na kaka, na kaka akapiga kasia hadi pale vizimba vilipokuwa. Pete za mabomba zilikuwa zimebaki mbili, zimejaa magugumaji na chupa za plastiki, na ndege weusi walikaa juu yake wakiwa wamekunja shingo. Mawingu yalikuwa chini. Ziwa lilikuwa na rangi ya mboga iliyochemka kupita kiasi.

Kaka alitoa sahani ya bati aliyoichukua jikoni kwetu, ile nyeupe yenye mstari wa buluu ukingoni, aliyoitoboa matundu matatu na kuifunga uzi. Ndivyo alivyofanya kila mara kabla ya kuingia ziwani. Aliishusha polepole. Sahani ilikuwa nyeupe, ikawa ya manjano, ikawa kijani, kisha ikawa kama kitu ninachokikumbuka badala ya kukiona, kisha haikuwepo. Kaka akabana uzi kwa vidole pale maji yalipoishia, akaivuta juu, akaupima uzi kwenye mkono wake. Ulianzia ncha ya kidole na haukufika begani.

"Zamani ulifika kifuani," alisema. "Siku nyingine ulivuka hapa na kwenda bega la pili."

"Labda ni mvua."

"Labda."

Akaishusha tena upande mwingine wa mtumbwi, na tena nyuma. Kote palikuwa vilevile. Nilimuuliza kwa nini mzamiaji asichukue tu ile ndefu, kwa kuwa ndiyo yenye nguvu, akaitumia kote.

"Kwa sababu ncha ya mshale ikiwa mbali kuliko unavyoona, hujui iko wapi," alisema. "Ni kama umesimama sebuleni, ncha iko chumba kingine. Humo chumbani anaweza kuwepo samaki, linaweza kuwepo jiwe, anaweza kuwepo mwenzako anashona wavu. Na ukitaka kuigeuza, maji yanaikamata. Fupi unaigeuza kwa kiwiko tu."

"Na baharini, ukiwa na fupi?"

"Baharini samaki anakuona tangu ukiwa huko." Akaonyesha kwa kidevu upande wa visiwa. "Kolekole anakuja, anakuzunguka, anajua kabisa mkono wako unafika wapi. Anakaa nyuma ya hapo. Ukiwa na fupi unarudi juu na hadithi."

Aliifuta sahani kwa fulana yake, uso na mgongo, kwa uangalifu ambao nilitamani asiwe nao. Hakuzamia siku hiyo. Tulirudi bila kusema mengi, na nyumbani sahani ilirudi kwenye rafu yake ya vyombo ikiwa na matundu.

Kampala haina duka la bunduki za samaki. Lakini Kamwokya, nyuma ya soko, kulikuwa na mama mmoja wa Mombasa aliyekuwa akileta madera na udi, akikaa kwenye chumba cha kupanga hadi mzigo uishe, kisha anapanda basi kurudi. Mumewe alikuwa mzamiaji. Kaka alikuwa amemsikia mara moja akilalamika kwamba yule bwana ameacha bahari na nyumba imejaa vyuma, akamwomba safari ijayo aje navyo. Akaja navyo.

Chumba chake kilikuwa na madera yaliyotundikwa pande zote, kwa hiyo ulikuwa unakaa kama ndani ya kundi la wanawake wasio na vichwa. Baa ya jirani ilikuwa inajaribu spika, mtu anahesabu moja, mbili, moja, mbili, bila kufika tatu. Yule mama alivuta mzigo kutoka chini ya kitanda. Ulikuwa umefungwa kwenye pazia la maua, na fimbo za kutundikia pazia zilikuwa zimechomekwa pembeni, ziwadanganye askari wa njiani.

"Haya, watazame wake wenzangu," alisema.

Zilikuwa tatu. Fupi ilikuwa ya bati nyeusi, imekwaruzika, mpira mmoja tu. Ya katikati ilifanana sana na ile iliyovunjika, nami nikaona mkono wa kaka ukienda kwake kabla ya macho yake. Ya tatu ilikuwa ya mti wa msaji, ndefu, rangi ya asali iliyokaa, na mtu aliyeichonga alikuwa ameipunguza unene kuelekea mbele kwa subira kubwa. Mipira miwili. Mshale wake ulikuwa umenyooka kama uzi wa fundi.

"Hizi alikuwa akilala nazo chumbani," mama alisema. "Mimi upande huu, wao upande ule. Ukewenza nimeuvumilia vya kutosha."

"Kwani yeye kwa nini ameacha, mama?" kaka aliuliza.

"Sikio, mwanangu. Lilipasuka huko chini, likatoka usaha mwaka mzima. Sasa nikimwita hasikii. Au asikia, sijui, wanaume hawaaminiki kwa masikio." Akamtazama kaka usoni. "Wataka ya maji gani?"

Kaka alizitazama zote tatu. "Maji yote," alisema.

"Basi ni hii ya katikati. Yafaa kote."

"Nilikuwa nayo ya namna hii."

"Ikawaje?"

"Ilivunjika."

Mama hakutaka kujua zaidi. Alizikunja zote tena ndani ya pazia na kumpakatisha kaka. "Nenda nazo. Zipime, zitie majini, zungumza nazo ukitaka. Moja chukua, mbili nirudishie kabla sijapanda basi. Lakini mwanangu, usinirudishie zote tatu. Hilo sitaki. Nyumbani sizitaki tena."

Maji maangavu katika mji wetu ni ya bwawa la kuogelea. Kaka alikuwa anajuana na mlinzi wa bwawa lililo nyuma ya maghorofa fulani ya Bukoto, naye akamruhusu kuingia mchana siku ya kazi, wakati hakuna mtu, kwa sharti asifyatue kitu. Nilikwenda naye. Niliketi ukingoni, miguu majini. Mvua ilikuwa inajikusanya upande wa Kyebando na mwanga ulikuwa mbaya, lakini maji yenyewe yalikuwa kama hayapo. Nilivihesabu vigae vya chini kwa macho bila taabu yoyote.

Alianza na fupi. Aliigeuza kushoto na kulia chini ya maji, haraka, kama mtu anayefukuza nzi. Akaja na ya katikati. Hiyo aliijua. Aliishika kama anavyoshika kijiko. Kisha akachukua ile ndefu, akavuta pumzi, akashuka.

Nilimwona akilala juu ya vigae, mkono umenyooka, mti wa msaji umenyooka mbele ya mkono, na mbele yake bwawa zima hadi ukuta wa mwisho. Hakuigeuza. Aliielekeza tu. Nyuma ya kioo cha miwani yake macho yalikuwa wazi kabisa, na uso wake ulikuwa umelegea, umekuwa uso wa mtu ambaye sijakutana naye tangu mama yetu afariki. Alikaa hivyo hadi nikaanza kuogopa. Matone ya kwanza ya mvua yalianza kutoboa maji juu yake, nikaacha kumwona vizuri.

Alipoibuka alishika ukingo karibu na goti langu.

"Hiyo ndiyo," nilisema.

"Ndiyo. Lakini ziwani ni ufagio tu."

"Basi chukua fupi."

Akapangusa pua. "Baba amesema nini?"

"Hajasema kitu."

"Ndiyo hivyo." Alitazama mvua. "Akisema neno moja, mdogo wangu. Moja tu. Nachukua hii fupi, natafuta kazi ya mabomba, sitalalamika. Nakuapia."

"Mimi nakwambia ubaki."

"Wewe si baba."

Hakulisema kwa ubaya. Nililielewa. Katika nyumba yetu mtu mkubwa hamwambii mwingine nenda wala baki. Ndivyo tulivyolelewa, na ndivyo baba na wazee wake walivyolelewa, watu waliofika mji huu na misafara ya biashara wakabaki na heshima zao zilezile. Mgeni aliyekaa sana kwetu hakuambiwa aondoke. Aliletewa kifungua kinywa mapema zaidi, na viatu vyake vikakutwa vimepigwa rangi na kugeuzwa visigino kuelekea ndani. Shangazi alipotaka kuolewa tena hakusema. Alianza kujipaka hina. Tuliona haya kumtwisha mtu neno ambalo angelazimika kulitii au kulivunja. Kwa hiyo kila mtu alingoja kusoma kwenye vitu. Kwa mambo ya viatu na hina ilikuwa nzuri sana.

Siku iliyofuata, watoto wa Kurani walipokwisha kutawanyika na baraza kubaki na mikeka, nilimpelekea baba chai. Nilivunja desturi.

"Baba, kaka anangoja neno lako."

"Neno gani?"

"Mwambie abaki."

Alikizungusha kikombe hadi mkono wa kikombe ukakutana na kidole chake. "Nimwambie abaki afanye nini?"

"Akae nasi."

"Awe mkongojo wangu." Akanywa. "Umewahi kuona anavyonishika? Kama mtu aliyebeba yai la watu. Mwanamume mzima, mabega yale, kazi yake iwe kunipeleka msikitini na kunirudisha, kunipeleka na kunirudisha, hadi siku nitakapopelekwa nisirudi."

"Anakushika kwa mapenzi, baba."

"Najua. Ndiyo maana inaniuma."

"Basi mwambie aende, ajue moja."

Alinigeuzia uso, akanikosa kidogo, akawa anatazama bega langu. "Nimfukuze mwanangu? Unataka niseme hivyo kwa mdomo huu?"

Sukari haikukorogwa vizuri, akaniambia.

Jioni hiyo baba mwenyewe aliomba aonyeshwe bunduki. Alisema hivyo, aonyeshwe, kama zamani. Kaka alitandua pazia la maua juu ya mkeka wa sebuleni, baba akaketi mbele yake, miguu amekunja, kofia kichwani, kana kwamba ameletewa kitabu. Nilisimama mlangoni mwa jikoni. Niliomba kimya kimya lisemwe lolote, hata kama si lile nililolitaka.

"Ipi ya hapa?" baba aliuliza.

Kaka akampa fupi. Baba aliipapasa mwanzo hadi mwisho, akaipima uzito kwa kiganja kimoja.

"Nyepesi kama mwiko. Wanajeruhiwa kweli na hii, au wanatiwa aibu tu?"

"Wanakufa, baba. Ukiwa karibu."

"Na ipi ya kwa mjomba wako?"

Ile ndefu ilihitaji mikono yote miwili kupokelewa. Baba aliilaza mapajani na ikapita magoti yake pande zote. Vidole vyake vilienda polepole juu ya msaji, vikarudi, vikaenda tena. Alikuta mahali palipochongwa kwa ajili ya kiganja, akatia kiganja chake hapo. Palikuwa pakubwa kwake. Akakaa nayo hivyo.

"Na hii nyingine?"

"Hiyo ya kote."

"Ya kote ulikuwa nayo."

"Ndiyo, baba."

"Naam." Akaisukuma pembeni kwa mgongo wa mkono. Kisha akaitafuta fupi juu ya mkeka, akaivuta, akaliokota pindo la pazia na kuanza kuifunika. Aliifunika taratibu, akakunja ncha, akafunga fundo, na juu ya fundo akafunga la pili. Halafu akainyanyua ile ndefu na kumnyooshea kaka, lakini alimnyooshea mahali kaka alipokuwa ameketi mwanzoni, na kaka alikuwa amesogea. Bunduki ikabaki hewani. Kaka ilimbidi anyooshe mkono wa mbali kuifikia.

"Baba," alisema, "mimi sijasema nataka kwenda."

"Wala mimi sijakuambia uende. Si tunachagua bunduki?"

"Ndiyo."

"Basi imechaguliwa."

Usoni mwa kaka nilisoma kila kitu kikifungwa. Baba hakuweza kukiona. Na machoni mwa baba kulikuwa na kitu ambacho kaka hakukiona pia, kwa sababu alikuwa ameinama akitazama kifyatulio. Nilitaka kusema. Nikasema, hata. Nikasema, "Baba anamaanisha..." na wote wawili, kwa pamoja, kwa sauti ileile, wakaniambia niwashe taa.

Baadaye nilimfuata kaka uani. Alikuwa anafunga zile mbili za kurudisha Kamwokya.

"Hakukufukuza," nilimwambia. "Niliongea naye. Anaona anakuziba njia. Anakupenda hadi anashindwa kukuweka hapa."

"Alikwambia hivyo?"

"Si kwa maneno hayo."

"Kwa maneno gani?"

Nilimwambia ya mkongojo na yai. Alisikiliza, akakaza kamba.

"Umeona alivyoifunga ile fupi? Mafundo mawili," alisema. "Mtu akitaka kukuachia nafasi anafunga moja."

"Haoni, kaka. Anafunga hivyo hata mfuko wa unga."

"Mafundo anayajua. Alinifundisha yeye." Akaubeba mzigo. "Acha, mdogo wangu. Angetaka, angesema. Neno dogo tu. Mimi nilikuwa nimekaa pale mbele yake."

Nilirudi kwa baba, naye nikamweleza. Nilimkuta anakunja mikeka ya watoto, kazi ambayo kaka alimkataza. Nilimwambia kaka angebaki kwa neno moja. Aliukunja mkeka uliokuwa mikononi hadi mwisho.

"Ndiyo maana silisemi," alijibu.

Kaka aliondoka siku moja na yule mama wa Mombasa, kwa basi la mchana. Ile ndefu aliitia ndani ya bomba la maji la plastiki, akaziba ncha zote mbili kwa matambara, akaifunga mgongoni. Mvua ya manyunyu ilikuwa inanyesha tangu asubuhi. Afande alikuja getini amevaa koti lake la zamani la mvua, akaligonga bomba kwa kidole mara mbili.

"Barabarani wakiuliza, usitaje hiyo jina. Sema vyombo ya kazi."

"Sawa, Afande."

"Na ukifika kule, piga mimi simu. Si baba tu. Hata mimi nina masikio." Akageuka haraka, akaanza kugombana na kuku wake ambao hawakuwa wamefanya kosa lolote.

Baba alikuwa amesimama mlangoni, bega limeegemea mhimili. Kaka alirudi kutoka getini, akapanda zile ngazi, akaupokea mkono wa baba na kuubusu, juu na chini. Baba alimshika kichwa, akamsomea dua, ndefu kuliko nilivyotarajia, na alipomaliza hakuuondoa mkono. Dole gumba lake lilipita kwenye nyusi za kaka, kwenye pua, likasimama karibu na mdomo. Kaka alikaa ameinama, hapumui, jinsi anavyoweza kukaa akiwa chini ya maji.

"Ncha umeifunika?" baba aliuliza.

"Nimeifunika."

"Isije ikamchoma mtu ndani ya basi."

"Haitamchoma, baba."

"Haya."

Kaka alijiinua. Hakushuka. Alisimama kwenye ngazi ya juu, maji yakimtiririka kwenye lile bomba mgongoni, akimtazama baba usoni, akingoja. Nilikuwa nyuma ya baba. Niliuona mgongo wake ukijaa pumzi, kanzu ikivutika mabegani, nikajua neno liko kooni. Nikajua kaka naye ameliona likija.

"Mvua inaingia ndani," baba alisema.

Kaka akashuka. Nilisikia viatu vyake kwenye kokoto, si haraka, kisha sauti ya Afande ikimwambia jambo kuhusu kofia. Baba alinyoosha mkono gizani mwake, akapapasa hewa, akaukuta ubao, na kabla kaka hajafika getini akaufunga mlango.